Mume wangu anasema kuvaa boya ni kukosa imani

Shikamoo Shangazi,

Naomba usinitaje jina, maana huku Kibirizi tunajuana wote. Mimi ni mama wa watoto watatu. Mume wangu ni nahodha wa kipe, yaani chombo cha kuvulia dagaa usiku kwa taa, na mimi nanunua dagaa mwaloni, naanika, nawauzia wafanyabiashara wanaopeleka Tabora na Dar. Ziwa ndilo limetulisha tangu tuoane, na silisemi vibaya.

Kiangazi cha mwaka jana tulimpoteza shemeji yangu, kitinda mimba wa mama mkwe. Alikuwa anavua na mume wangu. Waliondoka jioni ziwa likiwa shwari kabisa. Usiku wa manane ukaja ule upepo wa kusini, mtumbwi wa taa aliokuwamo ukajaa maji ukapinduka. Wenzake wawili waliushikilia mtumbwi ulivyolala hivyo hivyo mpaka wakaokolewa. Yeye aliona taa za wavuvi wengine akadhani ziko karibu, akaanza kuogelea kuzifuata. Hakufika. Tulimpata siku ya tatu. Maboya yetu usiku ule yalikuwa nyumbani stoo. Ufunguo wa stoo anakaa nao mume wangu.

Shangazi, shemeji alikuwa mtu wa Mungu. Aliimba besi kwaya, alifundisha watoto Jumapili, hakuwa mlevi wala mgomvi. Baada ya arobaini mume wangu akaacha kusali kwetu akajiunga na kikundi cha maombi. Mtumishi anayekiongoza alimwambia kwamba mdogo wake alikufa kwa sababu aliacha mlango wa shaka wazi, na kwamba mwenye imani kamili ziwa halimli. Mume wangu amenunua mafuta ya upako kwake, siyo chupa moja, amepaka kipe chote, amefunga kitambaa cha maombi mbele, na ubavuni ameandika Zaburi ya 91. Hayo mimi sina neno nayo. Shida ni kwamba maboya hataki hata kuyaona. Anasema anayevaa boya anamwambia Mungu, "Nakuamini lakini sina uhakika." Vijana wake wanne nao hawavai, maana nahodha kasema. Na sasa mtoto wetu wa kwanza, ana miaka 17, kamaliza kidato cha nne, baba yake anataka aanze kwenda naye.

Mimi silali. Bati likilia kidogo nimeshaamka. Natoka mpaka mchangani, natazama zile taa kule mbali, sijui ipi ni ya kwake. Nikijaribu kusali maneno hayatoki, natetemeka tu. Jirani yangu, mama mmoja wa Kiislamu ambaye mumewe pia ni mvuvi, huja kukaa na mimi siku nyingine mpaka alfajiri. Nilipomwambia mume wangu kwamba naogopa, alinijibu kwamba hofu ni dhambi, na kwamba hofu yangu ndiyo itakayoiita ajali. Alisema mtumishi naye kamwambia hivyo. Tangu siku hiyo naogopa hata kuogopa.

Je, ni kweli mimi ndiye nitakayemuua mume wangu kwa hofu? Nikimwomba avae boya namvunjia imani? Na mtoto nifanyeje? Sitaki kumdharau mume wangu, ni mtu mwema. Mama mkwe kanyamaza tu tangu msiba, hasemi lolote.

Ni mimi, Mama wa Kibirizi

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba wa shemeji yako, na pole kwa mzigo waliokutwisha juu ya msiba. Nianze na huo mzigo kwa sababu ndio unaokunyima usingizi kuliko upepo wenyewe.

Hofu yako haipindui mtumbwi. Huo upepo wa kusini mashariki huvuma juu ya Ziwa Tanganyika kila kiangazi, kuanzia Mei hivi mpaka Septemba. Ulivuma kabla hujazaliwa, na utavuma wewe ukiwa umelala fofofo. Ziwa lina urefu wa kilomita zipatazo 670 kutoka kusini mpaka kaskazini. Upepo ukishalishika kwa urefu wake, mawimbi yanazidi kukua njia nzima mpaka yawafikie nyinyi huko Kigoma. Hakuna hata wimbi moja lililowahi kutokea kifuani mwa mwanamke aliyesimama mchangani usiku akimwombea mumewe. Anayekuambia vinginevyo anakufanya wewe uwe mchawi wa nyumba yako, na neno hilo nalikataa kwa niaba yako.

Ama kwamba hofu ni dhambi, mfungulie mume wako Zaburi ya 56, mstari wa tatu: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Daudi anaongea na Mungu akiwa ndani ya hofu, haisubiri kwanza iishe. Halafu mfungulie Marko sura ya nne. Wanafunzi wako ziwani usiku, dhoruba imekuja, chombo kinajaa maji, na Bwana amelala kwenye mto. Wanamwamsha kwa lawama kabisa: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Humo ndani ya chombo hakukuwa na hata mmoja mwenye imani kamili, Bwana mwenyewe aliwaambia hivyo. Lakini angalia aliwaambia lini. Aliamka akaukemea upepo kwanza, ziwa likatulia, watu wakawa salama, ndipo akawauliza habari za imani yao. Chombo kizima cha watu wenye imani haba na hakufa maji hata mmoja. Sasa huyo mtumishi anayesema ziwa humla mwenye shaka, sura hii anaisomaje?

Kwa hiyo ukitetemeka na maneno yasitoke, tetemeka mbele za Mungu. Hata kilio cha wale wanafunzi kilikuwa lawama tu, na kilisikiwa.

Sasa shemeji yako. Hapa nina uchungu, na sitauficha. Kumwambia ndugu aliyefiwa kwamba marehemu wake alikufa kwa upungufu wa imani ni ukatili, hata ukisemwa kwa sauti ya maombi. Yesu aliligusa jambo linalofanana na hilo, iko Luka 13. Mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18, naye mwenyewe akawauliza watu kama wanadhani hao walikuwa na kosa kubwa. Alikataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine waliokaa Yerusalemu. Na mtume Paulo anawaandikia Wakorintho katika waraka wa pili, sura ya 11, kwamba mara tatu alivunjikiwa na jahazi, na kuchwa kucha alikaa kilindini. Mara tatu, mwanangu! Mwenye imani kumpita yeye nani? Sisi wenyewe nchini tumezika watu wa MV Bukoba mwaka 1996, tukazika wa MV Nyerere mwaka 2018, wa dini zote, wazee na watoto wachanga waliobebwa mgongoni. MV Nyerere kilikuwa kimejengwa kubeba watu 101, na siku ile kilikuwa na zaidi ya maradufu ya hao. Kilichozama pale kilizama kwa uzito, na hakuna mwenye haki ya kwenda kupima imani za waliokuwamo.

Shemeji yako alikufa kwa sababu upepo ulikuja, mtumbwi ukapinduka, hakuwa na boya, na alidanganywa na taa. Hilo la taa huwapata hata wavuvi wazoefu. Taa juu ya maji usiku huonekana karibu kuliko ilivyo. Wenzake waliobaki wameshikilia mtumbwi ndio walioonekana. Mtumbwi wa mbao hata ukipinduka huendelea kuelea, na anayetafuta huona kitu kikubwa upesi kuliko kichwa kimoja katikati ya mawimbi. Hilo waambie vijana wote wa kipe, na mwanao naye: chombo kikipinduka, usikiache.

Nije kwenye boya. Mume wako anapenda Zaburi ya 91, nami naipenda, nimeisoma kwenye vitanda vya wagonjwa na kwenye vyumba vya kujifungulia. Aiache hapo ubavuni, imekaa pazuri. Ila ajue kwamba Zaburi hiyo hiyo ilishawahi kusomwa na shetani, tena kwa Yesu mwenyewe, juu ya kinara cha hekalu. Jitupe chini, alimwambia, imeandikwa malaika watakuchukua mikononi mwao. Na Bwana akamjibu: "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Hakubisha kwamba Zaburi ni ya kweli. Alikataa kuitumia kujitia kwenye hatari ambayo Baba hakumtuma.

Lakini kama kuna sura moja ambayo ningependa mume wako aisome polepole, yeye nahodha, basi ni Matendo ya Mitume 27, kwa sababu imeandikwa kama na mtu wa majini. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi. Wamefika Krete, mahali panapoitwa Bandari Nzuri, na majira mabaya ya kusafiri yameshaingia. Paulo anawaonya wasiondoke. Mtume aliyejaa Roho Mtakatifu anatazama hali ya hewa na kusema tusubiri! Akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu, wakang'oa nanga, na dhoruba ikawakamata. Siku nyingi hawakuona jua wala nyota. Ndipo malaika akamjia Paulo usiku na ahadi kamili: merikebu itapotea, lakini hakuna nafsi hata moja itakayopotea. Walikuwa watu 276.

Sasa tazama mtu mwenye ahadi ya namna hiyo anavyofanya. Hakuketi. Mabaharia walipotaka kutoroka na mashua, Paulo alimwambia akida wazi kwamba hao wasipobaki merikebuni, ninyi hamwezi kuokoka. Malaika ameshasema wataokoka wote, na bado Paulo anasema bila mabaharia hamuokoki. Yeye hakuona mgongano hapo. Mungu aliyeahidi ndiye aliyewapa mabaharia ujuzi wao. Akawahimiza watu wale chakula wapate nguvu. Wakatupa ngano baharini kupunguza uzito. Na mwisho, wanaojua kuogelea wakajitupa majini kwanza, waliosalia wakafika nchi kavu juu ya mbao na vipande vya merikebu. Mwanangu, ahadi ya malaika ilitimia kwa watu kukumbatia mbao zinazoelea. Hakuna aliyeambiwa aitupe mbao yake kwanza ili aonyeshe kwamba anamwamini Mungu.

Mume wako anasema boya ni kumwambia Mungu "sina uhakika". Uhakika wa nini? Uhakika kwamba Mungu yuko naye, huo anao, na boya haliupunguzi. Uhakika kwamba upepo hautakuja, huo hakuna binadamu aliyepewa. Wale vijana watatu kwenye tanuru la moto, katika kitabu cha Danieli, walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, bali kama si hivyo, bado hatuisujudii sanamu yako. Waliyasema hayo mbele ya moto unaowaka, bila kudai kuhakikishiwa kwanza.

Tena yeye ni nahodha. Ingekuwa anakwenda peke yake ningezungumza naye kwa namna nyingine. Yuko na vijana wanne wa watu, na vijana hawavai kwa sababu yeye kasema. Katika Torati, Kumbukumbu sura ya 22, mstari wa nane, Mungu anamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Mungu huyo huyo mlinzi wa Israeli asiyelala wala kusinzia, ndiye anayeagiza ukingo. Kipe ni nyumba ya mume wako, na wale vijana wako juu ya dari yake kila usiku. Kila mmoja ana mama.

Jirani yako anayekuja kukaa nawe nadhani ameshakuambia habari za ngamia. Kwao kuna hadithi mashuhuri, imo katika kitabu cha hadithi cha Tirmidhi: mtu alimuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache akimtegemea Mungu, akaambiwa mfunge, kisha tegemea. Mshukuru sana mama huyo kwa niaba yangu. Mtu anayekuja kukesha nawe usiku wa manane ni sehemu ya ulinzi unaouomba.

Yote hayo unaweza kumsomea mume wako, na huenda asisikie. Nimeirudia barua yako sana, na kila mara nimesimama pale pale uliposema maboya yalikuwa stoo na ufunguo anakaa nao yeye. Umeliandika kwa kifupi ukapita, na mimi nadhani ndiko jambo lilipo.

Hebu mtazame mume wako kwa jicho hilo. Mdogo wake wa mwisho alikufa kwenye kazi aliyoiongoza yeye. Maboya yalikuwa kwenye stoo ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwake. Halafu akatokea mtu akamwambia kilichomuua ni shaka. Neno hilo ni baya, lakini fikiria lilivyompa nafuu. Kama ni shaka, basi siyo ufunguo. Siku atakapovaa boya atakuwa amekubali kwamba boya lingeweza kumwokoa mdogo wake, na hapo itambidi aingie kwenye chumba ambacho amekuwa akikikwepa tangu siku ya mazishi. Simjui, naweza kuwa nimekosea. Ila mtu mwema unayemsimulia, anayekununia ukitaja boya na hataki hata kuyaona, mimi namwona mtu aliyefiwa ambaye hajalia bado.

Ukiliona hivyo utabadilisha namna ya kuongea naye. Usianze na boya, na tafadhali usimtajie ufunguo kama shitaka, hata mkigombana. Subiri mbalamwezi, zile siku ambazo dagaa hawafuati taa na wavuvi wanakaa nchi kavu kushona nyavu. Mtume mwanao akanunue sukari, pika chai, kaa naye hapo kwenye nyavu, na uanze na marehemu. Mkumbushe alivyokuwa akiimba. Mwambie, "Baba fulani, mimi namlilia bado. Wewe je?" Kisha nyamaza. Akilia, mwache alie. Akisema "ningekuwa nimeyabeba," usikimbilie kumwambia siyo kosa lake, maana hatakuamini. Mwambie Mungu anasamehe hata ufunguo, kwa maneno hayo hayo ukiweza. Daudi alisamehewa makubwa zaidi ya stoo iliyofungwa. Na mume wako hakutaka mdogo wake afe.

Mambo ya boya yaje siku nyingine, na yasitoke kwako peke yako. Mama mkwe amenyamaza, lakini huyo ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote humo ndani. Kamtembelee, mkiwa peke yenu wawili. Mwombe amwambie mwanawe jambo moja tu, kwamba amezika mtoto mmoja kwa sababu ya ziwa na hana nguvu za kuzika wa pili. Hakuna mtumishi atakayemshinda mama kwa neno hilo. Kama mchungaji wenu wa zamani ni mtu wa busara, aje nyumbani kama mgeni wa kawaida, asije kama mtu wa kumrudisha kondoo. Na mwaloni kwenu kuna BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi. Waombe wawakumbushe manahodha wote kwa pamoja kuhusu jaketi okozi, bila kumtaja mtu. Nahodha anaweza kufuata utaratibu wa mwalo mzima bila kuona kwamba ameshindwa na mkewe.

Kuhusu mtoto, hapo siongei kwa upole. Ana miaka 17. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, asiyefika miaka 18 ni mtoto. Simama hapo wala usisogee: haingii majini usiku bila boya lililofungwa mwilini mwake. Mwambie mumeo kwa heshima, tena mbele ya mama mkwe ikibidi: "Wewe una imani yako na Mungu anaijua. Huyu mtoto hawezi kuzamishwa kwa imani ya baba yake." Kumtii mume ni jambo jema, lakini hakuna Maandiko yanayomtaka mama anyamaze mtoto akipelekwa hatarini. Akikasirika, akasirike. Na ongea na kijana mwenyewe pembeni, maana akifika ziwani na wenzake wanne hawajavaa ataona aibu, na aibu ya kijana ina nguvu sana. Mwambie wewe mama yake umemwomba, si kumwamuru.

Huyo mtumishi sitamjadili sana. Mafuta yamo katika Maandiko, Yakobo anawaambia wagonjwa wawaite wazee wa kanisa wawapake mafuta na kuwaombea. Sijaona mahali popote Yakobo alipotaja bei. Petro alipoletewa fedha na Simoni yule mchawi ili auziwe karama ya Mungu, alimjibu kwamba fedha yake na ipotelee mbali pamoja naye. Tuishie hapo. Usimshambulie mbele ya mumeo, utamfanya amtetee. Ukiweza tu, fedha ya chupa inayofuata iwe ya boya moja.

Halafu wewe na hizo usiku zako. Mwili wako umebaki palepale mliposubiri siku tatu, ndiyo maana unashtuka bati likilia. Kama huu ni mwezi wa pili au wa tatu hujalala vizuri, unatetemeka, hamu ya chakula imekata, nenda hospitali ukaeleze hivyo hivyo ulivyonieleza mimi. Maweni ndiyo hospitali ya mkoa na hapo ulipo si mbali. Daktari naye ni mbao.

Kwa usiku wenyewe, jipe kazi ya saa ya kuondoka badala ya saa ya usiku wa manane. Mchana sikiliza utabiri, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa wa maziwa makuu na Tanganyika limo, na redio husoma. Kukiwa na tahadhari ya upepo mkali na mawimbi mwambie, na ukumbuke Bandari Nzuri. Hakikisha simu ina chaji na imefungwa kwenye nailoni isiingie maji. Mjue wanaelekea upande gani, kaskazini kuelekea Mwamgongo au kusini, ili mkilazimika kutafuta mjue pa kuanzia. Kisha waombee pale pale ufukweni kabla hawajasukuma, kwa sauti, mkono wako juu ya kipe. Mume wako hilo hatalikataa. Ukishafanya yaliyo mikononi mwako rudi ndani. Siwezi kukuahidi kwamba hutaogopa, na siwezi kukuahidi kwamba ziwa halitachafuka. Ninachojua ni kwamba Mungu hayuko mchangani peke yake akisubiri nani ana imani ya kutosha. Yuko kule kwenye taa, na yuko na wewe kitandani, na alikuwa na shemeji yako majini.

Kuna jambo dogo la kufanya wiki hii, kabla ya mazungumzo yoyote. Maboya yaliyokaa stoo mwaka mzima panya huyatafuna na unyevu huyaozesha. Mwombe mumeo ufunguo kwa shughuli nyingine za stoo, au mtume kijana, yatoe nje uyaangalie moja moja. Vuta kila kamba kwa nguvu zako zote, ikikatika mkononi mwako ingekatika majini. Fungua na ufunge kila kifungo. Bonyeza lile povu la ndani, likibaki limebonyea au likipukutika, hilo halibebi mtu tena. Angalia kama filimbi ipo. Kisha mvalishe kijana, mfunge kamba zote, ingiza mikono chini ya mabega ya boya uvute juu. Likimpanda mpaka masikioni ni kubwa kwake au halijafungwa sawasawa, na boya la namna hiyo likifika majini linamtoka.

Mabovu usiyarudishe stoo. Andika tena mbalamwezi ikipita, uniambie alisemaje, na mama mkwe alisemaje.

Shangazi